Pembe za Pembeni

Pango la Chumvi lilifungwa asubuhi ya kwanza ya kiangazi. Lilizibwa kwa matako ya Kifaru, maana mlango mwingine halikuwa nao. Hiyo ilikuwa hapo zamani za kale, watoto, wanyama walipokuwa na nyumba zao, majirani zao na maneno yao ya kusengenyana, kama sisi.

Pango lilikuwa ubavuni mwa mlima. Kuta zake zilikuwa na chumvi, na lilikuwa mali ya Bibi Tembo. Mama zake na bibi zake ndio waliolichimba kwa pembe zao, kizazi baada ya kizazi, hata likaingia ndani ya mlima mpaka mwanga wa jua ukashindwa kulifuata. Mnyama yeyote aliyetaka chumvi alikuwa akifika mlangoni, anapiga hodi, anaingia, analamba, anakwenda zake.

Asubuhi hiyo Ngiri alipanda juu ya jiwe la mlangoni. Akasafisha koo.

"Khrrr! Khrrr! Sikilizeni, wakubwa kwa wadogo!"

Wanyama wakanyamaza.

"Kuanzia leo pango hili ni la Ukoo wa Pembe. Bibi Tembo ana pembe. Mzee Kifaru huyu hapa ana pembe. Bwana Nyati yule ana pembe. Na mimi," akageuza uso kushoto, akaugeuza kulia, watu wauone vizuri, "mimi ninazo nne. Wenye pembe ni ndugu. Asiye na pembe si ndugu. Asiye ndugu awe ametoka humu kabla jua halijazama."

"Na chumvi tutalamba wapi?" Sungura aliuliza.

"Lambeni jasho lenu!"

"Mbooo!" Nyati alicheka.

Pongo naye alikuwa na vipembe vyake viwili. Alifungua mdomo aseme. Nyati akamtazama. Pongo akakumbuka kwamba ana safari.

Wanyama wakaanza kutoka mmoja mmoja. Kifaru alisogea kidogo kwa wanaotoka, na kwa wanaoingia hakusogea.

Mama Pimbi alisikia yote akiwa nyumbani kwake. Nyumba yake ilikuwa ufa katika ukuta wa pango, si mbali na mlango. Ndani ya ufa kulikuwa na mkeka, chungu kimoja na watoto watatu wa wiki moja. Wanyama wengine walikuwa wakija pangoni na kuondoka. Yeye aliishi humo.

Nje kulikuwa na mwamba mtupu, na juu ya mwamba palikuwa na kiota cha Tai. Tai huyo ndiye aliyemchukua mumewe masika yaliyopita. Kwa hiyo amri ya Ngiri ilikuwa na maana mbili. Kwa wengine ilikuwa kukosa chumvi. Kwa Mama Pimbi ilikuwa watoto watatu juu ya mwamba, na Tai juu yao.

"Shoga, umesikia?" sauti iliuliza kutoka darini. Alikuwa jirani yake, Popo, ananing'inia kichwa chini miguu juu.

"Nimesikia."

"Mimi ameniambia niwafuate ndege wenzangu. Ndege! Mimi ninayenyonyesha! Nilitaga lini?"

"Anasema una mabawa."

"Mabawa gani? Hebu tazama hapa." Faa! Popo akatandaza bawa moja. "Huu mfupa mmoja, wa mkono wa juu. Hiki kiwiko. Hapa mifupa miwili imelala pamoja. Hapa kifundo. Na hivi vidole, kimoja, viwili, vitatu, vinne, na hili gumba ninalojishikizia. Huu ni mkono, shoga. Nimeuvika ngozi tu, nikarukia."

Mama Pimbi akatazama mguu wake wa mbele. Akaupapasa. Mfupa mmoja juu. Miwili chini. Kifundo. Vidole.

"Kama wangu," alisema.

"Kama wako, kama wa Nyani anayekwea miti, kama wa Fuko anayechimba shamba. Tulirithi mkono mmoja, kila mtu akautia kazi yake. Mimi nimeurefusha vidole. Fuko ameufupisha, ameufanya jembe. Lakini hesabu ya mifupa imebaki ile ile."

"Na Nondo je? Naye anaruka kama wewe."

Popo alicheka. "Nondo nimewala tangu nilipoota meno. Bawa la Nondo halina mfupa hata wa dawa. Ni ganda tupu: kru, kru, limekwisha. Anaruka kama mimi, kweli, lakini si ndugu yangu. Ni chakula changu cha jioni."

Mama Pimbi akafikiri. Mtoto mmoja alimpanda mgongoni, akateleza, akapanda tena. Yeye hakuona.

"Popo," alisema, "wale Nondo wako huwatoa wapi?"

"Wengine kule bondeni, kwenye mizoga ya zamani. Hutaga mayai yao juu ya pembe za wafu. Kuna mafuvu ya Nyati pale, pembe zimetobolewa kama chujio. Kuna na Kifaru mmoja. Yule, shoga, pembe imedondoka yenyewe, na chini yake hakuna hata kishina cha mfupa. Watoto wa Nondo wanaitafuna kama wanavyotafuna nywele na kwato."

"Na pembe za mama yake Bibi Tembo?"

Wote wawili wakatazama ndani ya pango. Huko mwisho, karibu na ukuta wa chumvi, palikuwa na fuvu la mama yake Bibi Tembo, na pembe zake mbili zimelala kando. Hakuna aliyejua zimekaa pale tangu lini.

"Hizo hakuna Nondo aliyezigusa," Popo alisema. "Jino halitobolewi na Nondo."

"Jino," alisema Mama Pimbi.

"Jino. Ulidhani ni nini?"

"Mbona basi tunaiita pembe?"

"Waulize waliokufundisha kusema."

Mama Pimbi alipitisha ulimi juu ya meno yake ya mbele, taratibu, la kushoto na la kulia. Kisha akasimama, akakunja mkeka, akajitwika.

"Unahama kweli?" Popo aliuliza.

"Nakwenda kuaga."

Sasa mtasema: kwa nini asiende moja kwa moja kwa Bibi Tembo akasema lake? Alilifikiria hilo. Lakini kati yake na Bibi Tembo alisimama Nyati, na Nyati akikukanyaga hakuulizi ulikuwa unataka kusema nini. Tena Bibi Tembo alikuwa na desturi yake. Macho yake yalikuwa hafifu na pango lilikuwa giza, kwa hiyo alichokipapasa kwa mkonga alikiamini, na asichokipapasa aliwaachia wenye macho. Katika jambo hili la ukoo, mwenye macho alikuwa Ngiri. Hakuna aliyemwambia Bibi apapase.

Mama Pimbi alimkuta Ngiri mlangoni, amejilaza kwenye vumbi.

"Shikamoo, Bwana Ngiri."

"Marahaba. Bado upo?"

"Nimekuja kukuaga. Tena nimekuja kukupa pole."

"Pole? Pole ya nini? Anayehama ni wewe."

"Ndiyo, Bwana. Sisi tunahama, yetu yamekwisha. Ninyi mnaobaki ndio wenye kazi. Ndugu wanne, ukuta mmoja wa chumvi. Bibi Tembo atalamba wa kwanza, sawa, pango ni lake. Wa pili nani?"

"Mimi. Amri nimeitangaza mimi."

"Mzee Kifaru anajua hivyo?"

Ngiri akatikisa mkia.

"Bwana Nyati anajua?"

Ngiri aliacha kutafuna alichokuwa akitafuna.

"Na yale wanayoyasema..." Mama Pimbi akarekebisha mkeka kichwani. "Lakini mimi mtu wa kuhama. Yasiyonihusu nayaacha hapa hapa."

"Wanasema nini?"

"Hamna kitu, Bwana."

"Pimbi! Wanasema nini?"

"Eti pembe zako si pembe. Eti ni meno."

"Khrrr!" Ngiri aliruka, vumbi likatimka. "Ni meno, ndiyo! Na za Bibi Tembo ni nini? Hazitoki mdomoni? Mdomoni hutoka nini, ndizi?"

"Ndiyo maana nikashangaa. Wewe mdomoni, Bibi mdomoni. Kwani za wenzako hutoka wapi?"

"Ya Kifaru hutoka puani. Za Nyati utosini."

"Aa," alisema Mama Pimbi. "Mimi nilidhani undugu wa Bibi ungekuwa wa mdomoni. Haya, Bwana, kwaheri."

"Ngoja."

"Watoto wananingoja."

"Ngoja, nimesema! Umesemaje hapo? Wa mdomoni?"

"Nimejisemea tu."

"Hukusema wewe. Nimesema mimi."

"Umesema wewe, Bwana."

Ngiri alianza kutembea huku na huku, mkia wima. "Ukoo wa Pembe ya Jino. Kama ya Bibi. Mwingine yeyote mgeni. Nani atabaki? Bibi na mimi." Akasimama. "Lakini Bibi haoni. Atajuaje zao si jino?"

"Bibi haoni," alikubali Mama Pimbi, "ila anasikia harufu ya mvua iliyo nyuma ya mlima. Jino likisuguliwa kwenye jiwe hunuka jino. Nywele zikisuguliwa kwenye jiwe..."

"Zinanuka nywele!"

"Umesema wewe, Bwana."

Jua lilipoanza kuegemea magharibi, Ngiri aliita baraza ndani ya pango. Kifaru akaja, akaacha mlango wazi kwa mara ya kwanza siku hiyo. Nyati akaja. Wanyama wadogo waliokuwa bado wanafunga mizigo wakachungulia kutoka kwenye kona. Mama Pimbi alisimama karibu na ufa wake, mkeka kichwani, watoto miguuni.

Bibi Tembo alikuwa ameshafika. Hakuna aliyesikia hatua zake, maana tembo hukanyaga kama anakanyaga pamba. Alisimama mbele ya fuvu la mama yake na kulipitishia mkonga, juu, chini, ndani ya mashimo. Hivyo ndivyo alivyofanya kila alipoingia pangoni, kabla ya kulamba chumvi na kabla ya kumsalimu mtu.

"Nani kaita?" aliuliza.

"Mimi, Bibi," alisema Ngiri. "Nataka tule kiapo, undugu wetu usije ukaingiliwa. Tuape kwa fuvu la mama yako: ndugu ni yule ambaye pembe yake ni jino, kama ya Bibi. Mwingine yeyote ni mgeni, na mgeni haingii humu ila kwa kumpigia mwenyeji hodi."

"Pembe ni pembe," alisema Nyati. "Naapa. Tulambe."

Kifaru alikuwa akitazama ukuta wa chumvi. "Kama alivyosema Nyati," alisema.

"Naapa," alisema Ngiri, tena kwa sauti kuliko wote.

"Nimesikia," alisema Bibi Tembo. "Aliyeapa kwa mama yangu simfungulii kiapo."

"Vizuri," alisema Ngiri. "Sasa kila mmoja asugue pembe yake kwenye jiwe hili, Bibi anuse. Mzee Kifaru, wewe mkubwa. Tangulia."

Kifaru hakuona ubaya. Kusugua pembe ilikuwa kazi yake ya kila siku. Akainama. Sss! Sss! Sss! Moshi mwembamba ukapanda.

Bibi Tembo akanyoosha mkonga. Akanusa. Akanusa tena.

"Nywele," alisema.

"Nywele zipi?" Kifaru aliuliza.

"Zako. Hii ni nywele na kucha, imeshindiliwa ikawa ngumu. Jino sioni. Wala mfupa."

"Bibi, mimi kwa pembe hii nimeng'oa miti!"

"Sikatai. Umeng'oa miti kwa nywele."

Popo darini alijiziba mdomo kwa bawa.

"Nyati," alisema Ngiri haraka.

Nyati akaja kwa hasira, akapiga jiwe, kah! akasugua mpaka cheche zikaruka. Bibi Tembo akanusa, kisha akapapasa utosi wa Nyati mpaka pembe inapoanzia.

"Nje ni kwato," alisema. "Ndani ni mfupa wa kichwa, umeota ukatoka nje. Huu ni mfupa uliovaa kwato. Jino halipo."

"Mimi na Kifaru tumekuwa wenye pembe tangu tuzaliwe!"

"Jina mnalo," alisema Bibi. "Lakini mliapa kwa jino."

Nyati akamgeukia Ngiri. Hakupiga kelele. "Nitakungoja nje," alisema.

Wakatoka, yeye na Kifaru. Walikuwa wakubwa na wangeweza kukataa, lakini waliapa kwa fuvu, na Bibi Tembo alikuwa mkubwa kuliko wao.

Ngiri hakuwatazama. Alikuwa tayari kwenye jiwe. Krr! Krr! Krr! Bibi Tembo akanusa.

"Jino," alisema.

"Jino!" Ngiri alirukaruka kama mtoto wa mbuzi. "Mmesikia? Jino! Bibi na mimi! Wengine wote nje! Wee Pimbi, unangoja nini? Jua linazama hilo!"

Mama Pimbi akatua mkeka chini.

"Hodi, Bibi," alisema.

"Nani huyo?"

"Mama Pimbi, jirani yako wa ufa. Nina swali moja."

"Hana pembe!" alisema Ngiri. "Asiulize!"

"Swali halihitaji pembe," alisema Bibi Tembo. "Uliza."

"Fuvu la mama yako, Bibi. Mashimo zilimokaa pembe zake yako wapi?"

Bibi Tembo hakuhitaji kulipapasa, lakini alilipapasa. "Mbele," alisema. "Mbele kabisa, chini ya pua. Mahali pa meno ya kukatia. Kila tembo yuko hivyo."

"Na za Bwana Ngiri zimekaa wapi?"

Ngiri akarudi nyuma hatua moja.

"Kuna haja gani?" alisema Ngiri. "Bibi ameshanusa."

"Nilinusa," alisema Bibi. "Sikupapasa. Fungua mdomo, mwanangu."

"Koo linaniuma, Bibi."

"Sitafuti koo."

Ngiri akafungua mdomo kidogo. Ncha ya mkonga ikaingia.

"Meno ya mbele haya hapa," alisema Bibi Tembo. "Madogo. Yapo mahali pake, hayajatoka kwenda popote. Kisha pengo. Kisha..." Mkonga ukasimama. "Hizi zimeota pembeni."

"Ni chonge, Bibi," alisema Mama Pimbi. "Chonge kama za Mbwa. Chonge kama za Chui. Zimerefuka na kupinda mpaka watu wakaziita pembe."

"Pembe za pembeni!" alipiga kelele Popo. "Ke-ke-ke! Pembe za pembeni!"

Wanyama wadogo wakacheka kwenye kona zao. Ngiri alijitoa kwenye mkonga.

"Jino ni jino!"

"Hukuapa hivyo, Bwana," alisema Mama Pimbi. "Uliapa: jino, kama ya Bibi. Nilikusikia. Ulisema kwa sauti kuliko wote."

Ngiri akaangalia mlango. Nje palisikika Nyati akikwaruza ardhi kwa kwato: kwaru, kwaru.

"Basi hakuna!" alisema. "Kama si mimi, basi Bibi hana ndugu hata mmoja! Nani mwingine ana jino la mbele lililotoka likawa pembe? Nani? Ajitokeze!"

Hakujitokeza mtu. Kisha Mama Pimbi alipiga hatua tatu mbele na kufungua mdomo.

Mkonga wa Bibi Tembo ulikuwa mnene kuliko mwili wote wa Mama Pimbi. Ulikuja polepole gizani na pumzi yake ikampeperusha manyoya. Mama Pimbi alifumba macho. Hakufunga mdomo.

"Hapa mbele," alisema Bibi Tembo. "Chini ya pua. Mawili. Yamechongoka." Akayapapasa tena. "Yanaendelea kuota?"

"Hayaachi mpaka nitakapokufa, Bibi."

"Kama yangu."

"Kama yako."

Mkonga ukashuka mpaka mguuni. Ukagusa vidole kimoja kimoja. "Kucha bapa. Si za kurarulia. Kama ukwato mdogo kwa kila kidole." Bibi akainua mguu wake mwenyewe, akaupapasa, akaushusha. "Na hawa ni nani wanaonipanda?"

"Wanangu, Bibi. Wana wiki moja."

"Wiki moja na wanapanda? Mimba yao ilikaa muda gani?"

"Miezi saba."

"Sungura hubeba mwezi mmoja."

"Sungura mwenyewe hunicheka, Bibi. Huniuliza nabeba mlima?"

"Mimi nabeba miaka miwili karibu," alisema Bibi Tembo. "Nami hunicheka. Unanyonyesha wapi?"

"Mengine tumboni. Lakini mawili yako hapa, kwapani."

Bibi Tembo akagusa kifua chake, katikati ya miguu ya mbele, mahali ambapo mama tembo wote hunyonyeshea.

"Bibi!" alisema Ngiri. Sauti yake ilikuwa imepanda. "Usinichekeshe! Huyu? Ndugu yako? Huyu si anaweza kulala ndani ya ukucha wako akajifunika!"

"Ukubwa ni mambo ya chakula na nafasi," alisema Bibi Tembo. "Zamani sana tulikuwa na bibi mmoja. Mtoto wake mmoja alikwenda nyikani, akapata nafasi, akakua. Mwingine alikwenda kwenye nyufa za miamba, akajipunguza apate kuingia. Wameishi mbali mbali mpaka wakasahauliana sura. Jino halikusahau."

Akageuka kwa wanyama wote.

"Kiapo ni kiapo. Ndugu yangu humu ni Mama Pimbi. Mimi nikiwa safarini, mwenyeji wa pango ni yeye. Wengine ni wageni. Mgeni ataingia kwa kumpigia yeye hodi."

Jua lilizama. Hakuna aliyehama.

Mambo matatu yalitokea baada ya hapo, na haya ndiyo yanayojulikana.

La kwanza ni la Popo. Aliuliza kutoka darini kama na yeye ni mgeni. Mama Pimbi alimwambia, "Wewe hutupigii hodi, shoga. Wewe ndiye uliyenionyesha mkono."

La pili ni la Ngiri. Hakuweza kutoka nje, maana Nyati alikuwa bado anamngoja. Hakuweza kubaki ndani bila ruhusa. Kwa hiyo alipiga magoti mbele ya ufa.

"Mama Pimbi," alisema, "hodi."

"Hodi gani hiyo, na wewe uko ndani tayari? Hodi hupigwa mlangoni."

Ngiri akaenda mpaka mlangoni. Akamwona Nyati. Akarudi kinyumenyume, matako mbele, uso na chonge zake vikimtazama Nyati, mpaka akafika kwenye ufa tena.

"Hodi," alisema.

"Karibu, Bwana Ngiri. Chumvi iko chini kabisa ya ukuta, hapo kwa wafupi. Itabidi uendelee kupiga magoti."

Alilamba kwa magoti. Na mpaka leo ngiri hula majani kwa magoti, na akiingia shimoni mwake huingia kinyumenyume. Mkitaka kuhakikisha, nendeni mkamtazame.

Ukitaka kumjua ndugu, tazama shina, usitazame jina.

La tatu ni la Kifaru. Asubuhi iliyofuata alifika mlangoni mwa pango. Mlango ulikuwa wazi na hakukuwa na mlinzi. Alisimama nje, akainamisha pembe yake ya nywele.

"Hodi," alisema.

Mama Pimbi alikuwa akinyonyesha. Alimaliza kwanza. Akawafuta watoto midomo, wa kwanza, wa pili, wa tatu.

"Karibu, Mzee," alisema.

Kifaru akaingia.